Pera la Profesa Chuang

Salamu ya Bibi Gim-hua ilikuwa moja tu, asubuhi hata jioni: "Umekula?" Watu wote wa mji wetu wa Chiayi husalimiana hivyo, lakini wengi huuliza kwa mdomo wakapita zao. Gim-hua aliuliza kwa upawa. Ukithubutu kumjibu "bado", utavutiwa kigoda, utawekewa bakuli la wali wa bata mzinga uliomiminiwa mafuta yake ya moto na vitunguu vya kukaanga, na hutaondoka hapo mpaka chini ya bakuli kuonekane. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyoishi na mwanawe na mkwe wake nyuma ya kile kibanda chao cha wali, hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajala.

Siku ya mtihani wa mkwe wake aliamka ana ugomvi tayari.

"Mikate mitamu?" alisema, mikono kiunoni. "Watu wazima, maprofesa, mmoja anatoka Taipei kwa treni, wewe uende ukawape mikate mitamu na chai ya chupa? Watasema A-Yun hana mama mkwe?"

"Mama, idara imekataza," alisema Suyun, huyo A-Yun mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa kompyuta, uso umempauka. "Wamebandika tangazo kabisa. Mwanafunzi asiwaletee watahini chakula."

"Na yule mwenzako wa mwaka jana aliwaletea nini?"

Mwenzake wa mwaka jana aliwaletea wali wa mkunga, matunda yaliyokatwa kwa umbo la maua, na keki. Maboksi matupu yalirundikwa chini ya tangazo lile lile.

"Enhe," alisema Gim-hua, akaanza kuchambua nyama ya bata mzinga.

Kuei, mwanawe, alikuwa akipanga maboksi mezani na kucheka peke yake. "Mama, punguza mafuta. Unataka wafe kabla hawajatia sahihi?"

"Mtu aliyeshiba hamwangushi mtu. Wewe funga maboksi."

Leo ilikuwa ni leo, na wote watatu walilijua hilo. Mchana Suyun alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Jioni na siku za mapumziko alisoma shahada ya uzamili ya sayansi ya maabara chuoni. Mara ya kwanza alipotetea tasnifu yake walimrudisha. Muda wa masomo ulikuwa unakwisha na muhula ule. Asipopita leo jina lake litafutwa, na miaka yote ile ya kusoma huku miguu imevimba kwa zamu itakuwa imeliwa na mchwa.

"Mama," alisema Suyun kwa sauti ya chini, "kwa kuwa utakuja na maboksi chuoni, nikutoe na damu basi. Kile kizunguzungu chako sikipendi."

"Damu yangu imetulia ilipo. Iache."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliimba Kuei kutoka mezani.

"Simfichi mtu! Nyinyi ndio wafichaji." Gim-hua aliuweka upawa chini. "Baba yenu tulimwambiaje? Vidonda vya tumbo, na sote tulijua si vidonda. Daktari kasema, wewe Kuei ukasema, na mimi mkewe nikasema huku namlisha uji. Kafa anangoja vidonda vipone. Sasa nitolewe damu na huyu? Huyu ambaye hata wali ungezidi chumvi angeniambia, 'Mtamu, mama'? Atanitazama usoni aniambie, 'Mama, damu yako ya msichana.' Sitaki. Heri nisijue kabisa kuliko kudanganywa kwa heshima."

Suyun alijua ni kweli. Wali ulikuwa umezidi chumvi tangu mwaka juzi, naye kila siku alisema mtamu.

*

Profesa Chuang, mkuu wa watahini, alikuwa mtu mwembamba mwenye tai ya zambarau na sauti ya kuamsha waliolala safu ya nyuma. Ndiye aliyemrudisha Suyun mara ile ya kwanza. Alikuwa na tabia mbili zilizojulikana na wanafunzi wa vizazi vyote. Ya kwanza, hakuamini karatasi. "Karatasi huvumilia kila uongo," alizoea kusema, "damu haivumilii." Basi mwanafunzi akija na njia mpya ya kupima, profesa hukunja shati lake, hutoa mkono, na kusema, "Nipime mimi." Vipimo vyake vyote alivijua kwa kichwa, na alivitaja kwa majivuno kama mtu anayetaja alama za mwanawe shuleni. Tabia ya pili ilikuwa pera. Mafuta, alisema, ni adui. Mchana alikula pera moja, akalitafuna mbele ya watu ili wajifunze.

Suyun alizungumza asubuhi yote. Kwa jinsi alivyoelezwa nyumbani, Gim-hua aliielewa tasnifu hivi: unachukua tone la maji ya damu, unapitisha mwanga, na mwanga ukitoka upande wa pili unakuambia ini la mtu likoje. Ni kama kumulika yai kujua kama limeharibika, ila yai lenyewe ni mtu. Jambo hilo aliliona la maana, ingawa mbele ya majirani bado aliiita kazi ya mkwe wake "lile duka la mikojo".

Ilipofika saa ya chakula, maboksi yalipokewa kwa vigelegele vya chini chini. Daktari Wen, mama mnene mchangamfu aliyekuwa msimamizi wa Suyun, alifungua la kwake papo hapo. Kijana wa Taipei, mtahini wa tatu, akafungua la kwake akafumba macho kwa ule mvuke. Profesa Chuang peke yake aliinua kiganja.

"Mimi sili. Leo mchana nitatolewa damu. Mshuhudie wote." Akatoa pera mfukoni, akaliuma, kruu. "Basi. Hiki ndicho chakula changu."

Suyun alisimama pembeni ameshika maji. Hakula chochote. Gim-hua alimwona kupitia mlango ulio wazi na moyo ukamuuma.

Baadaye kidogo Gim-hua alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na ngazi, maboksi ya akiba yamefunikwa taulo ili yasipoe, alipomwona Profesa Chuang akitoka kwenda kunawa mikono. Alinawa haraka mno. Akarudi taratibu mno.

"Mama, umekula?" aliuliza kwa adabu.

"Nimekula, mwalimu. Na wewe?"

"Pera."

"Pera ni chakula cha ndege, si cha profesa."

Profesa akacheka, lakini macho yalikuwa kwenye taulo. "Hivi haya mafuta mnayamimina wali ukiwa bado wa moto?"

"Ukipoa una maana gani?"

"Na vitunguu mnakaanga wenyewe?"

"Asubuhi hii hii. Mwalimu, hebu nusa tu. Kunusa hakuna dhambi."

Alinusa. Watu wengi wamepotea kwa kunusa. Alitazama huku na huku, akasema nyumbani kwake mkewe amefukuza hata harufu ya mafuta, mwaka wa ngapi huu yeye hajui, akasema kijiko kimoja hakiwezi kumdhuru mtu mwenye damu safi kama yake. Wakasogea nyuma ya mlango wa ngazi, pale penye mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kijiko kimoja kikawa boksi zima. Alikula kwa kasi ya mtu anayekimbia deni.

"Haya maboksi mbona madogo?" alisema, akiwa na punje ya wali kidevuni.

Gim-hua alimpa la pili kabla hajamaliza swali. Tangu mumewe afe hakuwahi kuona mwanamume akila wali wake kwa mapenzi kiasi kile, na ile furaha ilimjaa kifuani hata akasahau kulikuwa na mtihani.

"Mama, usimwambie mtu. Nakuomba."

"Mwalimu, mdomo wangu huu ni kaburi."

"Niapie."

"Naapa kwa chungu changu cha mafuta."

Na kiapo hicho hakikuwa cha mchezo. Chungu kile kilimlea Kuei, kikamzika mumewe, kikalipa ada ya Suyun. Profesa alifuta mdomo kwa kitambaa, akarudi ndani amenyooka kama mwenye saumu. Gim-hua alijipongeza. Mwamuzi ameshiba, A-Yun amepita.

*

Maswali yaliendelea mpaka jua likahamia dirisha la pili. Mwishowe wakaingia maabara, na Daktari Wen akamwita Gim-hua aje akae kwenye stuli ya nyuma, "maana leo umefanya kazi kutuzidi sote." Juu ya mashine ya Suyun palikaa mfuko wa kijani wa bisi za mahindi, kama ulivyo juu ya kila mashine hapa kwetu, ili mashine iwe na adabu. Suyun aliukagua tarehe kwanza. Mfuko uliopitwa na tarehe ni sawa na kuitukana mashine mbele ya wageni.

Profesa Chuang akakunja shati. "Mnajua vipimo vyangu," alisema, akavitaja kimoja kimoja. "Tuone kama njia ya Liao Suyun inavijua pia. Nimefunga. Pera tu."

"Pera tu," aliitikia kijana wa Taipei.

Suyun alimtoa damu kwa mkono usiotetemeka. Akaweka kichupa kwenye mashine ya kuzungusha, ikavuma, ikanyamaza. Akakitoa, akakiinua kwenye mwanga, akabaki hivyo hivyo mkono juu.

Hata Gim-hua, asiyejua kitu, aliona. Damu ikishazungushwa, nyekundu hukaa chini na maji ya damu hubaki juu, ya njano, yanaonyesha upande wa pili kama chai ya maua. Ya profesa yalikuwa meupe. Meupe ya maziwa ya soya, mazito, hayaonyeshi kitu.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye kichupa.

Gim-hua alielewa kila kitu kwa pamoja: mwanga hautapita humo. Yale ni mafuta, na mafuta yale anayajua, ameyachemsha mwenyewe tangu alfajiri. A-Yun akipima, mashine itatoa tarakimu za kichaa na watasema njia yake mbovu. Asipopima, atakuwa amemwambia mkuu wa watahini, mbele ya mgeni wa Taipei, kwamba ni mwongo. Na yote hayo ameyapika yeye.

"Vipi?" alisema profesa. "Pima."

"Mwalimu," alisema Suyun, "sampuli hii naikataa."

Daktari Wen aliacha kuandika.

"Unaikataa kwa sababu gani?"

"Ina mafuta. Mwanga hautapita."

"Nimekula pera."

"Ndiyo, mwalimu."

"Pera halina mafuta."

"Halina, mwalimu."

"Kwa hiyo mimi mwongo?" Sauti ile ya kuamsha safu ya nyuma sasa ilifika mpaka ngazini. "Nakuambia pima. Au unaogopa tarakimu zako?"

Gim-hua alisimama. Kwenye tai ya zambarau ya profesa, chini kidogo ya fundo, palining'inia kipande cha kitunguu cha kukaanga, cha dhahabu, kizuri, cha kwake. Chungu cha mafuta kitamsamehe, aliwaza. Kisiposamehe, atanunua kingine. Akafungua mdomo.

"Mama, kaa," alisema Suyun bila kugeuka.

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Gim-hua akakaa.

"Mwalimu," alisema Suyun, "sijui ulichokula, wala sijakuuliza. Mimi sisemi habari za mtu. Nasema habari za kichupa nilichoshika. Mwaka wa kwanza, somo la kwanza, ulituandikia ubaoni mwenyewe: sampuli mbovu haipewi jibu, hurudishwa kwa mwenyewe. Ukiniandikia sifuri, niandikie. Lakini hii sitaipa jibu."

Akakiweka kichupa mbele yake, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Profesa Chuang alikichukua. Alikiinamisha kuelekea dirishani, akakigeuza, akakitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua aliyojiandikia mwenyewe. Kijana wa Taipei alishikwa na kikohozi kisichokuwa kikohozi. Kisha profesa akageuza shingo taratibu kuelekea stuli ya nyuma.

"Mama," alisema, "yale mafuta ni ya bata mzinga peke yake, au mnachanganya na ya nguruwe?"

Gim-hua alimtazama kwa macho makavu. "Mafuta gani, mwalimu? Wewe si ulikula pera?"

Daktari Wen aliangua kicheko mpaka akavua miwani. Kijana wa Taipei akaegemea ukuta. Profesa mwenyewe alicheka mwisho, akiwa amekipata kile kitunguu kwenye tai. Alikitazama, akakosa pa kukiweka, akakila.

Lakini alipomaliza kutafuna, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hajapita," alisema. "Kukataa sampuli anajua, hilo nimeliona. Njia yake bado sijaiona. Kesho asubuhi nitakuja na tumbo tupu. Isipojua vipimo vyangu, mwisho ni hapo."

*

Njiani kurudi, juu ya pikipiki, Gim-hua alikuwa amemkumbatia mkwe wake kwa nyuma, makasha matupu yakigongana kwenye magoti.

"Wali wangu ndio uliotaka kukuua," alisema kwenye taa nyekundu.

"Mama, wali wako..." Suyun alianza ile sauti yake ya kila siku, ya asali. Akaikatiza. Taa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma na pikipiki zote zilikuwa zikinguruma. "Mafuta yalizidi, mama."

Gim-hua alimchungulia kwenye kioo cha pembeni.

"Na chumvi," alisema Suyun.

"Chumvi pia?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi!" Gim-hua alimpiga kofi la bega, la nguvu kweli. "Mwaka juzi, na kila siku mtamu mama, mtamu mama! Wateja nao?"

"Wanakupenda, mama. Wanakunywa chai nyingi."

Taa ikawa kijani. Gim-hua alifikiria miaka miwili ya chai. Alikasirika mpaka darajani. Baada ya daraja alianza kucheka, na baada ya kucheka alimbana Suyun mgongoni kwa namna ambayo Suyun hakuielewa. Jioni ile chumvi ilipimwa kwa kijiko kidogo. Kuei aliuliza kulikoni, akaambiwa apange mabakuli.

*

Asubuhi Profesa Chuang alifika akiwa na hasira za mwenye njaa. Hakuwa na pera. Alikaa, akatoa mkono, akasema, "Toa."

Mashine ikavuma, ikanyamaza. Suyun alikiinua kichupa, na safari hii mwanga wa dirisha ulipita humo mpaka ukadondoka ukutani, wa njano, mwepesi. Akapima. Daktari Wen alikuwa amezishika zile tarakimu za profesa zilizotoka kwenye mashine kubwa ya hospitali, ameziziba kwa kiganja. Tarakimu za Suyun zilipotokea, alikifungua kiganja.

Profesa alitazama hizi, akatazama zile. Akavaa miwani, akatazama tena. Kisha akatoa kalamu, akatia sahihi chini ya jina la Liao Suyun, akaukabidhi ukurasa kwa Daktari Wen.

"Nilidhani utapima jana," alimwambia Suyun bila kumtazama. "Wengi wangepima. Mimi mwenyewe enzi zangu ningepima." Akaanza kushusha mkono wa shati. "Sasa, mama yako amekuja au hakuja?"

Alikuwa amekuja. Alisimama mlangoni na boksi moja lililofungwa kwa taulo, na profesa akalipokea hapo hapo na kuketi nalo kwenye kiti cha dirishani. Hakujificha nyuma ya mlango wa ngazi. "Chumvi safi leo," alisema kinywa kimejaa.

Suyun alikuwa akilia. Alilia kwa kujificha, ameinamia sinki, anaosha kitu kisichohitaji kuoshwa. Aligeuka, akamwona mama mkwe wake, akajipangusa kwa mgongo wa mkono, na kwa kuwa hakujua aseme nini kati ya yote aliyotaka kusema, akasema lile linalosemwa na kila mtu.

"Mama, umekula?"

"Sijala," alisema Gim-hua.

Suyun aliacha maji yatiririke.

"Sijala tangu jana jioni. Hata chai." Gim-hua alivuta stuli, akakaa mbele ya meza, akaanza kukunja mkono wa blauzi, juu, juu zaidi, mpaka kwenye nyama nyeupe ya bega ambayo jua halijawahi kuiona. "Nitoe. Na jibu likitoka, liwe zuri liwe baya, unipe kama ulivyompa yule." Alimwonyesha profesa kwa kidevu. "Usinipe lile la wali."

Suyun alifunga maji. Akavaa glavu mpya, akavuta kigoda, akamfunga mama mkwe wake mpira juu ya kiwiko na kuutafuta mshipa kwa kidole, polepole, mpaka akaupata.

Gim-hua aliitazama sindano. Alikuwa akiogopa, na hakuona haya kuogopa.

"A-Yun, itauma?"

"Itauma kidogo, mama."

"Haya," alisema Gim-hua, akakunja ngumi.